Sukari katika ukoo: tunarithi nini hasa, na nani apimwe kwanza?

Mwalimu wa Bagira (mwanzisha uzi)

Ndugu wasomaji, nawasalimu kutoka Bukavu. Mwezi uliopita tulimzika shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai wakingoja chai, baba mdogo alisema kwa sauti kwamba ukoo wetu umefungwa: babu alikufa kwa sukari, baba akafuata, na sasa dada yao. Hakuna aliyembishia. Mimi ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na mambo ya urithi ninayaandika ubaoni kila mwaka, lakini siku ile nilinyamaza pamoja na wengine, na kunyamaza kule kumenikaa rohoni. Ninayoandika hapa ni yale niliyopaswa kuyasema pale.

Niliporudi nyumbani nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikauchora ukoo kama ninavyowachorea wanafunzi: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na wino mwekundu kwa kila aliyejulikana kuwa na sukari. Babu alikuwa na watoto saba, na watatu kati yao ni wekundu. Wajukuu tuko ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja mwekundu. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, kwa maana nilipoanza kuwapigia simu mmoja mmoja niligundua kwamba ni wanne tu waliowahi kuchomwa kidole na kupimwa. Weupe wa wale kumi na wanane haukuwa uzima, ulikuwa kutojua.

Sasa tuseme tunachorithi. Katika kisukari cha aina ya pili mwili bado unatengeneza insulini, yaani mjumbe anayeuagiza mwili uchukue sukari kutoka kwenye damu, lakini misuli na ini havimtii tena mjumbe huyo kama zamani, na kongosho, baada ya miaka ya kujitahidi kutoa zaidi na zaidi, linachoka. Wengi wetu hudhani kwamba aina ya kwanza, ile inayowapata zaidi watoto na vijana, ndiyo ya kurithi, na kwamba hii ya pili inatokana na kula tu. Ukweli ni kinyume: aina ya pili ndiyo inayofuata damu ya ukoo kwa nguvu zaidi. Kwa hesabu zilizofanywa hasa Ulaya na Marekani, mtoto wa mzazi mmoja mwenye kisukari hicho ana uwezekano wa kiasi cha asilimia 40 wa kukipata katika maisha yake yote, na kama wazazi wote wawili wanacho, uwezekano hufika karibu asilimia 70. Pacha wa kufanana wakichunguzwa, mmoja akiwa nacho, mwenzake naye hukipata mara nyingi zaidi kuliko inavyotokea kwa pacha wasiofanana.

Lakini hakuna jeni moja iitwayo jeni ya sukari. Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walitangaza kwamba ndani ya jeni iitwayo TCF7L2, iliyoko kwenye kromosomu ya 10, kuna tofauti ndogo ya herufi za maandishi ya vinasaba ambayo kila nakala yake huongeza hatari kwa karibu mara 1.4, tofauti hiyo hudhoofisha utoaji wa insulini kutoka kwenye kongosho, na baadaye ilithibitishwa pia kwa watu wa Ghana na Nigeria. Kati ya tofauti zinazopatikana kwa watu wengi, hiyo ni mojawapo ya zenye nguvu zaidi, na bado nguvu yake ni ndogo. Zilizobaki ni ndogo kuliko hiyo, na ni nyingi mno: utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni mbili na nusu kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulitaja sehemu 611 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu. Kila mmoja wetu amebeba baadhi yake. Aliyezaliwa katika ukoo kama wangu huenda amebeba nyingi zaidi kidogo kuliko jirani yake.

Kwa hiyo baba mdogo alikuwa na haki kusema kwamba jambo hili liko ndani ya ukoo. Alikosea kwenye neno umefungwa, na hilo nitalirudia baadaye, maana ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Kwanza ningependa kusikia kutoka kwenu: katika familia zenu, ni nani aliyepimwa baada ya mzazi kupatikana na sukari?

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Mwalimu, pole kwa msiba, na asante kwa kuandika. Mimi ni kati ya wale wa asilimia 70, kwa kuwa baba na mama wote wanachoma insulini, na friji yetu ina kopo la chupa zao pembeni ya mayai. Nina miaka 34, nimejifungua watoto watatu, na wa mwisho alizaliwa na kilo 4.6, wakunga wakanipongeza kwa kuzaa mtoto mwenye afya. Hakuna aliyeniuliza habari za wazazi wangu.

Nina maswali mawili. La kwanza: kama jeni hizi zinajulikana, kwa nini tusipimwe vinasaba tukajua mapema? La pili linaniuma zaidi. Mdogo wangu wa kike alikuwa karibu kuolewa, na familia ya kijana ilituma ujumbe kwamba hawataki damu ya sukari nyumbani mwao, kama vile wanavyouliza habari za SS. Je, hilo lina msingi?

Mwalimu wa Bagira

Mama, nianze na la pili. Ugonjwa wa SS, yaani selimundu, unatokana na jeni moja. Mtu akirithi nakala mbaya kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, anaugua. Akirithi moja tu, yaani akiwa AS, haugui ila anaweza kuupitisha. Wazazi wawili wenye AS wana nafasi moja kati ya nne, kwa kila mimba, ya kupata mtoto wa SS. Ndiyo maana kupima kabla ya ndoa kuna maana: kipimo kinajibu swali lililoulizwa. Sukari ya aina ya pili haiendi hivyo. Hakuna aliye AS wa sukari, na hakuna mchumba atakayeletwa nyumbani akiwa hana hata moja ya zile tofauti mia kadhaa. Familia ile ikipekua ukoo wake kwa uaminifu itakuta wekundu wake wenyewe, au itakuta watu waliokufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Mdogo wako hana dosari ya damu. Ana sababu ya kujipima mapema, basi, na mume atakayempata atakuwa na bahati ya kuoa mtu anayejua hivyo.

Kuhusu kipimo cha vinasaba, jibu langu ni kwamba kwa sasa kisikusumbue. Watafiti hujumlisha tofauti hizo zote na kumpa mtu alama moja ya hatari, lakini alama hizo zilitengenezwa kwa sehemu kubwa kutokana na damu ya watu wenye asili ya Ulaya, na zikipelekwa kwa Waafrika usahihi wake hushuka. Afrika ina utofauti wa vinasaba kuliko bara lolote, na ndiko kulikochunguzwa kidogo zaidi. Mwaka 2019 watafiti waliowachunguza watu zaidi ya 5,000 wa Nigeria, Ghana na Kenya walipata tofauti katika jeni iitwayo ZRANB3 ambayo tafiti za Ulaya hazikuwahi kuiona. Sisi wa Kongo hatumo hata katika orodha hiyo, na jambo hili linanihuzunisha kama mwalimu, kwa sababu nawafundisha watoto urithi kwa mifano ya watu wa mbali.

Kipimo cha urithi ulicho nacho tayari ni wazazi wako wawili na mtoto wako wa kilo 4.6. Mtoto mkubwa kiasi hicho ni sababu ya kuuliza kama mama hakuwa na sukari wakati wa ujauzito, na mwanamke aliyewahi kupata sukari ya ujauzito ana hatari kubwa zaidi ya kupata aina ya pili baadaye, hata kama sukari ilishuka baada ya kujifungua. Tafadhali nenda kapime asubuhi, tumbo likiwa tupu, usisubiri dalili.

Mstaafu wa Kamalondo, Lubumbashi

Wanangu, nimesoma kwa makini, lakini kuna jambo ambalo silikubali. Baba yangu alikula bukari ya mahindi mchana na jioni tangu alipokuja kufanya kazi ya migodi hadi alipozikwa akiwa mzee sana, na hakuwahi kuijua sukari. Sisi wanawe watano, watatu tunameza vidonge. Damu ni ile ile. Kama ugonjwa huu uko kwenye damu, ulijificha wapi kwa baba yetu? Mimi naona tunawasingizia wazee wetu makosa ya meza zetu.

Mwalimu wa Bagira

Mzee wangu, swali lako ndilo watafiti wamelihangaikia kwa miaka mingi, na kuna mfano mmoja ambao siuachi kila ninapofundisha. Watu wa kabila la Pima ni wenyeji wa asili wanaoishi Arizona, Marekani, na wana ndugu zao wa damu katika kijiji cha Maycoba, milimani huko Meksiko. Vinasaba vyao vinakaribiana sana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, kati ya watu wazima wa Arizona asilimia 38 walikuwa na kisukari cha aina ya pili. Kati ya ndugu zao wa Maycoba, waliokuwa bado wanalima kwa mikono na kula maharagwe na mahindi ya shamba lao, walikuwa asilimia 6.9. Baba yako aliishi Maycoba, kwa maana hiyo. Huenda aliubeba urithi ule ule na akakupitishia, lakini mgodi, miguu na sahani yake havikuupa nafasi. Wewe ukaja mjini ukapata gari la kazi, kiti cha ofisini, mafuta ya kukaangia na chupa ya kinywaji kitamu kwenye kila ugeni. Hatuwasingizii wazee, ila tunaona kwamba urithi wao umekuta nyumba nyingine.

Na tusisahau kwamba hatukurithi damu peke yake. Tulirithi pia sufuria, kiasi cha mafuta kwenye sombe, vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha chai, na ile adabu ya kumwona mgeni aliyenenepa kama mtu aliyebarikiwa. Mtafiti anayeona ugonjwa ukitembea katika ukoo anapata kazi kubwa ya kutenganisha haya mawili.

Muuguzi wa Goma

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini naomba nichangie mambo ambayo nayaona kazini, kwa sababu urithi katika nchi yetu una mtego ambao vitabu vya nje huutaja kwa haraka.

Kuna kipimo kinachoitwa hemoglobini yenye sukari, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya damu kwa takriban miezi mitatu, na asilimia 6.5 au zaidi ndiyo inayohesabiwa kuwa kisukari. Kipimo hicho hutegemea chembe nyekundu za damu kuishi muda wake wa kawaida. Lakini watu wengi wa maeneo ya malaria kama yetu wamerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao chembe nyekundu huishi muda mfupi zaidi, hazipati muda wa kubeba sukari, na matokeo hutoka chini kuliko ukweli. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwanamume mwenye tofauti ya G6PD inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika husomwa chini kwa karibu asilimia 0.8, na hiyo inatosha kumtoa mtu kwenye 6.5 na kumweka kwenye 5.7, akarudi nyumbani akiambiwa yu mzima. Wenye AS nao matokeo yao huweza kusomeka chini. Jeni hizo hazimkingi mtu na sukari, zinaificha kwenye kipimo. Kwa hiyo mtu wa ukoo wenye sukari, mwenye kiu na mkojo wa mara kwa mara, asiridhike na karatasi hiyo peke yake. Apimwe sukari yenyewe: 126 mg/dl au zaidi tumbo likiwa tupu, tena iwe imerudiwa siku nyingine, au 200 na zaidi saa yoyote ile ikiambatana na dalili.

La pili ni la kusikitisha. Mwaka jana nililetewa kijana mwembamba ambaye ukoo wake ulikuwa umeshaamua kwamba amelishwa sumu, ile tunayoiita karuho. Alikuwa amekonda, anakunywa maji usiku kucha, na walikuwa wameuza mbuzi wawili kumlipa mtu wa kumtapisha hiyo sumu. Nilipoweka tone la damu yake kwenye kijikaratasi, mashine haikutoa namba, iliandika kwamba sukari imepita uwezo wake wa kupima. Mama yake mkubwa alikuwa amekufa hivyo hivyo miaka sita kabla, na jirani mmoja alishtakiwa kwa kifo chake. Katika ukoo ule ugonjwa wa kurithi ulikuwa umegeuka chuki ya kurithi.

Sijui kama kijana huyo tumwite wa aina ya pili. Tunawaona vijana wembamba wengi waliokua katika njaa ya ukimbizi, na mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la kisukari lilikubali kwamba kisukari kinachotokana na utapiamlo kihesabiwe kama aina ya tano. Mwalimu, hapo jeni zako zinasemaje?

Mwalimu wa Bagira

Dada, jeni peke yake hazitoshi kulijibu hilo, na ninakushukuru kwa kulileta. Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani, James Neel, alipendekeza kwamba jeni za sukari zilikuwa zawadi wakati wa njaa, kwa sababu ziliusaidia mwili kuweka akiba, kisha zikageuka mzigo wakati wa shibe. Ni maelezo mazuri kuyasikia, na wengi huyarudia, lakini mimi siyategemei, kwa maana zile tofauti zilizopatikana baadaye hazikuonyesha wazi alama hiyo ya akiba. Yaliyonishawishi zaidi ni ya Hales na Barker, Waingereza wawili, ambao mwaka 1992 walisema kwamba njaa ya tumboni na ya utotoni huupanga mwili na kongosho kwa maisha ya uhaba, kisha mtu akikutana na chakula kingi ukubwani anashindwa kukimudu.

Ushahidi uko Afrika. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu wa Enugu, Nigeria, waliokuwa na umri wa miaka kama arobaini: wale waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ya Biafra, kati ya 1967 na 1970, walionekana na shinikizo la damu na matatizo ya sukari zaidi ya wale waliozaliwa njaa ilipokwisha. Na si lazima tuende mbali hivyo. Hapa kwetu, Lwiro, kaskazini ya Bukavu, watu waliotibiwa utapiamlo mkali walipokuwa watoto walitafutwa tena wakiwa watu wazima, na wakaonekana wana mafuta ya tumboni na mkusanyiko wa dalili za hatari ya sukari na moyo kuliko wenzao wa vijiji vile vile. Kwa sisi wa Kivu, basi, swali la daktari halipaswi kuwa tu kama baba alikuwa na sukari, bali pia mama alikula nini alipokuwa na mimba yako, na mlikuwa mmekimbilia wapi. Nimeongeza alama hiyo kwenye kalenda yangu: nukta nyeusi kwa kila mtoto wa ukoo aliyezaliwa wakati wa kukimbia. Ziko tano.

Sasa nirudi kwenye neno la baba mdogo. Marekani ulifanyika utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia ugonjwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Waliowekewa lengo la kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa dawa ya metformini, ambao walipunguza kwa asilimia 31. Miaka minne baadaye, damu za watu hao hao zilipimwa jeni ya TCF7L2. Wenye nakala mbili mbaya ambao hawakubadilisha maisha waliugua karibu mara 1.8 ya wasio nayo kabisa. Lakini katika kundi la waliotembea na kupunguza uzito, tofauti hiyo ilififia kiasi cha kutoonekana tena kwa uhakika. Someni hilo mara mbili, ndugu zangu, kama nilivyolisoma mimi. Urithi ulikuwepo, herufi zile hazikubadilika mwilini mwao hata moja, ila kulegea kwa urithi huo kulitegemea miguu yao. Ukoo uliofungwa haufanyi hivyo.

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Mwalimu, nimepima asubuhi ya leo: 104. Muuguzi aliniambia ni sawa lakini nirudi kila mwaka, na nikishika mimba nyingine niseme mapema. Mdogo wangu naye alikuja nami, ana 88. Amenipa ruhusa ya kuandika hapa namba yake, kisha akaniomba nimchapishie maelezo ya SS na sukari ili ayapeleke kwa mama wa yule kijana yeye mwenyewe.

Mwalimu wa Bagira

Nimefurahi sana kusoma hayo, mama. Mimi nami nina habari. Jumapili, baada ya misa, tulikusanyika kwa kaka mkubwa, na muuguzi wa mtaani alikuja na mashine yake na kopo moja la vijikaratasi, tulivyokuwa tumevichangia ndugu wote kwa sababu bei yake kwa mtu mmoja ni nzito. Wote tulikuwa hatujala tangu usiku. Wajukuu kumi na wanne walijitokeza. Vidole vilifutwa kimoja kimoja, na watoto walisogea karibu kuhesabu namba kwa sauti. Kumi na mmoja wako chini ya 110. Wawili, na mmoja wao ni mimi, tuko kati ya 110 na 125, yaani mlangoni. Mmoja, mtoto wa kwanza wa marehemu shangazi, alitoka na 187, akarudiwa Jumanne kwenye kituo cha afya, 179. Hakuwa na dalili yoyote. Ameanza metformini.

Baba mdogo alikuwa amekaa pembeni akitazama. Mwishoni alivua koti, akakunja mkono wa shati kana kwamba anakwenda kuchomwa sindano begani, muuguzi akamwambia kwamba kidole kinatosha. Yeye ana 121. Tumekubaliana kwamba kila asubuhi tutashuka pamoja kwa miguu kutoka Bagira hadi soko la Kadutu, na tutapima tena baada ya miezi mitatu. Wale wanane ambao hawakuja, wawili wako Uvira, mmoja yuko Kampala, na waliobaki nitawafuata.

Nitaandika hapa namba zetu zitakapotoka.